Nani Ana Nakala?

Ijumaa ya tarehe 23 Oktoba 2020, kila aliyefungua ukurasa wa programu iitwayo youtube-dl kwenye GitHub, ghala la mtandaoni la misimbo ya programu, alikuta umefungwa. Mahali pa msimbo palikuwa na tangazo kwamba ukurasa umeondolewa kutokana na malalamiko ya hakimiliki. Mlalamikaji alikuwa RIAA, chama kinachotetea masilahi ya makampuni ya muziki ya Marekani, na barua yake haikusema kwamba fulani ameiba wimbo fulani. Ilisema jambo zito zaidi: programu yenyewe ni haramu, kwa kuwa imetengenezwa ili kuvunja kufuli ambayo YouTube imeiweka juu ya video zake. Chama kikaonyesha kwamba ndani ya msimbo, katika sehemu ya majaribio, watengenezaji walikuwa wameandika anwani za video za Icona Pop, Justin Timberlake na Taylor Swift.

Ukiiona youtube-dl huwezi kuamini kwamba ni kitu cha kuwapeleka watu kwa wanasheria. Haina picha, haina kitufe hata kimoja. Unafungua dirisha la maandishi, unaandika jina lake, unabandika anwani ya video, unabonyeza, na baada ya muda faili iko kwenye kompyuta yako. Basi. Lakini kwa miaka 14 waandishi wa habari, walimu, watunza nyaraka na wachunguzi wa uhalifu wa kivita walikuwa wameitegemea, na baadhi ya zile tovuti za kubandika linki ambazo vijana wetu wanazijua kwa moyo zilikuwa zikiiendesha kimyakimya kwa ndani.

Ugomvi huu una babu yake. Mwaka 1975 Sony ilianza kuuza Betamax, mashine iliyomwezesha mtu kurekodi kipindi cha televisheni akiwa nyumbani kwake. Mwaka uliofuata Universal na Walt Disney zikaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa kwamba anayerekodi filamu kutoka kwenye televisheni anavunja hakimiliki, na anayemuuzia mashine anashiriki kosa. Kesi ilidumu zaidi ya miaka 7. Sony ilishinda mwaka 1979, ikashindwa katika rufaa mwaka 1981, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikalazimika kuwasikiliza mawakili mara mbili kabla ya kutoa hukumu tarehe 17 Januari 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji John Paul Stevens aliandika kwamba anayerekodi kipindi ili akitazame baadaye hana kosa, na kwamba chombo chenye matumizi halali ya kutosha hakiwezi kuzuiwa kwa sababu tu wapo wanaokitumia vibaya. Miongoni mwa mashahidi wa kesi hiyo alikuwemo Fred Rogers, mtangazaji wa kipindi cha watoto, aliyesema hana kinyongo na familia zinazorekodi kipindi chake.

Kura moja tu. Ingeangukia upande wa pili, deki ingekuwa bidhaa ya magendo katika soko lililokuwa kubwa kuliko yote duniani. Kwetu huku hakuna aliyekuwa akifuatilia majaji wa Washington, ila deki zenyewe tulikuwa nazo. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi 1994. Katika pengo hilo la miaka 20 watu wa bara waliziona picha kwa kanda. Kanda zilitoka Ghuba, zilitoka Ulaya kwa jamaa waliokuwa wakirudi likizo, zikadurufiwa kwa kuunganisha deki mbili kwa waya. Nakala ya nakala ya nakala ilijaa chenga hadi sura ya mwigizaji unaikisia tu, na bado kibanda cha video kilifurika na kiingilio kililipwa. Mtu aliyekulia enzi hizo hakuhitaji kufundishwa kwamba picha ni kitu unachokishika mkononi, unakiazima kwa jirani na kukidai kisiporudi.

Kisha ikaja intaneti ikatunyang'anya kanda.

Video ya kwanza kuwekwa YouTube ilipandishwa tarehe 23 Aprili 2005. Ni ya sekunde 19: Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi watatu, amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego. Mwaka uliofuata, Oktoba 2006, Google ilikubali kuinunua kampuni hiyo changa kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 1.65. Mtazamaji hakuwekewa kitufe cha kuchukua video, na ukitazama biashara yenyewe unaelewa kwa nini. Pesa inatokana na matangazo, na anayeondoka na faili harudi kuyatazama matangazo.

Hapo kuna jambo la ufundi ambalo bila kulijua historia hii haieleweki. Kutazama ni kushusha. Video unayoitazama mtandaoni husafiri vipande vipande kutoka kwenye seva, hukaa ndani ya kifaa chako kwa muda, huchezwa, kisha hufutwa. Anayehifadhi amefanya jambo moja tu la ziada: amezuia ufutaji. Siku za mwanzo, YouTube ilipokuwa ikitegemea Flash, haikuwa hata siri. Faili nzima yenye kiendelezi cha .flv ilijilaza ndani ya folda ya muda ya kivinjari, na mjuzi kidogo aliifuata huko, akainakili, akaipa jina jipya. Kwa hiyo mabishano yote yaliyofuata hayakuhusu kama faili inakufikia. Inakufikia. Yalihusu kama una haki ya kuiacha ibaki.

Aliyeandika youtube-dl ni Mhispania anayeitwa Ricardo García. Mwaka 2006 alikuwa akiunganishwa na intaneti kwa modemu ya laini ya simu, na video ya dakika chache kwake ilikuwa kazi ya kusubiri. Ikikatika, unaanza upya. Ukitaka kuitazama mara ya pili, unaanza upya. Akaandika programu fupi kwa lugha ya Python ya kumshushia video wakati yeye akifanya mambo mengine, na Agosti ya mwaka huo akaiachia bure. Hakuwa na ilani wala vita na kampuni yoyote. Alikuwa na laini ya polepole.

Msomaji wa Afrika Mashariki atamwelewa Ricardo García upesi kuliko atakavyoeleweka na hakimu yeyote. Hadi Julai 2009, Seacom, mkongo wa kwanza wa baharini kuhudumia pwani yetu, ulipoanza kazi Mombasa na Dar es Salaam, karibu intaneti yetu yote ilipitia setilaiti, kwa bei ya kutisha. Kwenye intaneti kafe ulilipia muda, na duara likizunguka katikati ya skrini ulikuwa unalipia duara. Mhudumu mwenye akili aliweka Internet Download Manager, mara nyingi bila kuilipia, kwa sababu programu hiyo iliweza kuendelea pale ilipoishia baada ya umeme kukatika. Mwaka 2007 RealPlayer ikaja na toleo lililochomoza kitufe cha kushusha juu ya video ndani ya kivinjari. Kukawa na ujanja mwingine uliosambaa kwa mdomo, shule kwa shule: ongeza herufi mbili, ss, mbele ya neno youtube kwenye anwani, na utatupwa moja kwa moja kwenye tovuti ya SaveFrom.

Halafu zikaja simu zenye memori kadi, na hapo ndipo mambo yalipokolea. Karibu na kila stendi alikuwepo kijana mwenye kompyuta, spika na karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba anaingiza nyimbo na video. Unampa kadi, unamtajia wasanii, unalipa kwa idadi ya nyimbo au kwa GB. Yeye ndiye aliyekuwa na intaneti, wewe ulikuwa na nafasi kwenye kadi. Ukifika nyumbani, mdogo wako anakuambia umrushie, mnarushiana kwa Bluetooth, na miaka iliyofuata kwa Xender na SHAREit ambazo hazikula bando hata kidogo. Faili moja iliyoshushwa kwa bando la mtu mmoja iliweza kumaliza mtaa mzima bila kurudi mtandaoni tena. Wachumi wa makampuni ya simu hawakuupenda utaratibu huu, wasanii nao walikuwa na haki ya kunung'unika, lakini ndivyo video ya muziki ilivyofika vijijini ambako mnara ulikuwa na nguvu ya kupitisha ujumbe mfupi tu.

Google yenyewe iliisoma hali hiyo. Mwaka 2017 ilianzisha India programu nyepesi ya YouTube Go, na mwaka 2018 ikaipeleka katika nchi zaidi ya 130. Ilikuwa inakuonyesha ukubwa wa video kwa MB kabla hujaicheza, inakuruhusu kuihifadhi, na hata kumrushia aliye karibu nawe bila bando. Yaani kampuni iliyokataa kuweka kitufe ilikiweka kwa ajili ya maskini. Agosti 2022 ikaifunga.

Katikati ya kutoa na kunyima huko, soko la pembeni lilinenepa. VidMate na Snaptube zilisambaa kwa kurushiana, nje ya duka rasmi la Google, na bure yake ilikuwa na gharama. Mwaka 2019 kampuni ya usalama wa simu iitwayo Upstream ilieleza kwamba Snaptube ilikuwa ikibofya matangazo kwa siri na kuwaandikisha wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Wenye Snaptube walilaumu kipande cha programu kilichotengenezwa na kampuni nyingine. Mwenye simu aliona salio limepungua, akamlaumu mtandao wa simu.

Mpaka hapa nimesimulia kana kwamba watu walihifadhi video ili kubana matumizi au kujiburudisha, na kweli wengi walifanya hivyo. Wapo waliogundua sababu nyingine kwa uchungu. Aprili 2011 Google ilitangaza kwamba huduma yake ya zamani, Google Video, ingeacha kuonyesha video ndani ya wiki mbili, na kila mwenye kitu chake akichukue. Kundi la watu wa kujitolea liitwalo Archive Team, lililozoea kukimbilia tovuti zinazokata roho, likaanza kuzoa video usiku na mchana. Wiki moja baadaye, baada ya kelele, Google ikalegeza na kuahidi kuzihamishia YouTube. Vine haikupata bahati hiyo. Twitter ilitangaza Oktoba 2016 kwamba inaua huduma hiyo ya video za sekunde 6, na Januari 2017 ikafungwa. Kizazi kizima cha wachekeshaji wa Marekani kilijikuta na jina bila jukwaa, na kazi zake nyingi ziliendelea kuzunguka kwa kuwa mashabiki walikuwa wamezishusha na kuzipandisha kwingine bila ruhusa.

Vichekesho vikipotea tunasikitika kidogo na kuendelea na maisha. Ushahidi ni habari nyingine.

Aprili 1994 mpiga picha Mwingereza, Nick Hughes, alipanda juu ya jengo la shule ya Wafaransa mjini Kigali na kurekodi kwa mbali watu wakiuawa barabarani. Mauaji ya kimbari yaliyochukua maisha ya mamia ya maelfu yameacha picha chache mno za mauaji yenyewe yakitendeka, na hiyo ni mojawapo. Kanda ile ilifika Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ya Rwanda, na Hughes mwenyewe akatoa ushahidi. Kulikuwa na kamera moja, kanda moja na mtu mmoja anayeweza kuapa kwamba aliirekodi yeye.

Miaka 17 baadaye, Syria, hali iligeuka juu chini. Maandamano yalipoanza Machi 2011 kila kijana alikuwa na kamera mfukoni, waandishi wa nje walizuiwa, na YouTube ikawa ndiyo kabati la taifa. Video zilipandishwa kwa maelfu, kisha mamia ya maelfu: maandamano, mabomu, hospitali, maiti zilizopangwa kwa safu. Waliozipandisha waliamini kwamba kitu kikishakuwa mtandaoni kimesalimika. Msyria aitwaye Hadi al Khatib hakuamini hivyo. Mwaka 2014 yeye na wenzake walianzisha Syrian Archive, na kazi yao ya msingi ilikuwa ile ile ya Ricardo García: kushusha. Waliongeza nidhamu juu yake. Kila faili ilihifadhiwa pamoja na anwani ilikotoka, tarehe, jina la aliyeipandisha, na namba inayokokotolewa kutokana na faili nzima, ili mtu akibadilisha hata nukta moja ya picha namba ikatae kulingana.

Agosti 2017 ikathibitika kwamba hawakukosea. YouTube ilikuwa imeanza kutumia mashine zinazojifunza zenyewe kusaka video za kigaidi, baada ya shinikizo la serikali na watangazaji biashara, na mashine hazikujua tofauti ya anayesifu mauaji na anayeyashitaki. Chaneli za vyombo vya habari na vikundi vya haki za binadamu vya Syria zilifutwa, baadhi zikiwa na kumbukumbu za miaka sita. Nyingine zilirudishwa baada ya malalamiko, nyingine hazikurudi. Kati ya waliorekodi, wapo waliokwishauawa, na wapo ambao kompyuta zao zilibaki chini ya vifusi, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kupandisha upya. Kilichosalimika kwa uhakika ni kile ambacho mtu alikwisha kukishusha.

Mwezi huo huo, tarehe 15 Agosti 2017, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli, kamanda wa Libya, kwa tuhuma za kuua au kuamuru kuuawa kwa watu 33 katika matukio 7 mjini Benghazi na maeneo ya karibu. Hati hiyo ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya video zilizokuwa zimesambazwa kwenye mitandao ya kijamii. Kwa hiyo katika wiki zile zile, video za aina moja zilikuwa taka kwa kampuni na kielelezo kwa mahakama. Al-Werfalli hakufikishwa kizimbani. Aliuawa kwa risasi Benghazi mwezi Machi 2021.

Kesi iliyofika mwisho ni ya Cameroon, na inastahili kusimuliwa polepole. Julai 2018 ilianza kuzunguka video ya wanajeshi wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wawili kwenye njia ya vumbi. Mtoto mmoja amebebwa mgongoni. Wanafungwa vitambaa machoni, wanakalishwa chini, wanapigwa risasi. Serikali ya Cameroon ilisema ni uongo, si wanajeshi wake. Ilikuwa video ya kuogofya kama nyingi zinazosambazwa na kusahaulika, na mitandao ilikuwa na kila sababu ya kuifuta.

Waandishi wa BBC Africa Eye wakishirikiana na wachambuzi wa kujitegemea walikuwa na faili. Waliweza kuisimamisha, kuikuza na kuirudia picha kwa picha, jambo ambalo huwezi kulifanya vizuri kwenye simu inayokukimbizia video nyingine. Sekunde za mwanzo zilionyesha mstari wa milima kwa mbali. Waliulinganisha na picha za setilaiti hadi wakaupata: karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini ya mbali ya Cameroon, mpakani na Nigeria. Majengo yaliyoonekana na yasiyoonekana yaliwapa mwaka. Njia inayotumika kiangazi tu na vivuli vya wanajeshi viliwapa siku: kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Agosti 2018 serikali ikabadili kauli na kutangaza kwamba wanajeshi 7 wamekamatwa. Uchunguzi wa BBC ulitangazwa Septemba 2018. Miaka miwili baadaye, Septemba 2020, mahakama ya kijeshi mjini Yaoundé iliwahukumu wanne kifungo cha miaka 10, mmoja miaka 2, na kuwaachia wawili.

Ilikuwa mwezi mmoja tu kabla ya ile Ijumaa ya GitHub. RIAA ilipotuma barua yake sidhani kama wanasheria wake walikuwa wakiifikiria Zelevet. Walikuwa wakifikiria nyimbo, na kwa haki ya Mungu wanamuziki wana hoja. Mwaka 2017 makampuni ya muziki yaliifunga mahakamani youtube-mp3.org, tovuti ya Ujerumani iliyogeuza video kuwa faili za sauti kwa watu wengi ajabu, na mwenye tovuti alikuwa akijaza mfuko wake kwa matangazo huku msanii akiambulia patupu. Msanii wa Bongo anayehesabu watazamaji ili apate mkataba anaumizwa na kila faili inayozunguka nje ya hesabu. Na liko la pili, baya kuliko hilo. Msichana aliyerekodiwa faraghani na mpenzi mwovu hana njia ya kuirudisha video iliyokwisha kuingia kwenye simu za watu. Nakala inayomlinda shahidi ndiyo inayomwandama huyu. Sijaona sheria iliyoweza kutenganisha hizo mbili kwa kuiwekea programu marufuku, kwa sababu programu haijui inashusha nini.

Kilichotokea baada ya barua kinachekesha. Ndani ya saa chache msimbo wa youtube-dl ulikuwa umenakiliwa kila kona ya dunia. Mjanja mmoja aliutumbukiza ndani ya ghala la GitHub lenyewe, lile lile ambalo kampuni hiyo hutumia kuchapisha barua za malalamiko ya hakimiliki. Shirika la EFF, linalotetea haki za watu mtandaoni, likachukua utetezi. Mwanasheria wake, Mitchell Stoltz, alieleza kwamba kile kinachoitwa kufuli ni maelekezo ya JavaScript ambayo YouTube inampelekea kila mtazamaji, na youtube-dl inayasoma kama kivinjari chochote kinavyoyasoma. Na kwamba majaribio yale ya nyimbo yaligusa sekunde chache tu. Tarehe 16 Novemba 2020 GitHub ilirudisha ukurasa, nyimbo zikaondolewa kwenye majaribio, na kampuni ikatenga dola milioni 1 za kuwatetea watengenezaji watakaoandamwa kwa madai ya aina hiyo.

Ujerumani haikukubaliana. Kampuni za muziki za Sony, Universal na Warner zilimshitaki Uberspace, mwenye seva iliyohifadhi tovuti ya youtube-dl, wala si programu yenyewe, na Machi 2023 mahakama ya Hamburg ikazipa ushindi. Kwa hiyo maelekezo yale yale ni kufuli kwa mahakama ya Hamburg na si kufuli kwa EFF na GitHub, na swali ambalo Betamax ililipatia jibu la kura 5 kwa 4 bado halina jibu la dunia nzima. Wakati huo youtube-dl yenyewe ilikuwa imechoka. Ricardo García alishaikabidhi kwa wengine tangu 2011, toleo lake rasmi la mwisho ni la Desemba 2021, na watu wamehamia kwenye mtoto wake, yt-dlp. YouTube hubadili mitambo yake, wajitolea hutengeneza upya, wakati mwingine ndani ya siku hiyo hiyo. Mwishoni mwa 2025 ilifika mahali yt-dlp ikamtaka mtumiaji aongeze mtambo wa JavaScript pembeni ili video za YouTube zipatikane kikamilifu.

Kwa jirani zetu Kenya somo limekaribia nyumbani. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliokuwa wakipinga Muswada wa Fedha waliingia bungeni Nairobi, na watu walipigwa risasi na kufa. Simu zilikuwa hewani kila upande. Aprili 2025 BBC Africa Eye ilitangaza uchunguzi uliopitia picha na video zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa zimerekodiwa na waandamanaji wenyewe, na kuwatambua baadhi ya askari waliofyatua risasi. Kati ya siku ile na uchunguzi huo ilipita miezi 10. Miezi 10 ni mingi kwa akaunti kufutwa, simu kuibiwa au mwenye video kuogopa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na video ya jambo zito, usiishie kuirusha kwenye kundi la WhatsApp ukadhani umeihifadhi. WhatsApp huifinya picha na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, ikiwemo saa na mahali iliporekodiwa. Tunza faili halisi kama ilivyotoka kwenye kamera, usiikate wala kuibadili jina, weka nakala ya pili kwenye fleshi au diski iliyo mbali na simu yako, na kama umeishusha kwa mtu mwingine andika anwani yake na tarehe uliyoichukua. Ikiwa inamdhalilisha mtu, usimpe yeyote isipokuwa mwenye kazi nayo.